Mtandao wa wavu: sanduku rahisi, paa ghali

Na Mwandishi Wetu

JUMAPILI ya Mei 12, mwaka 2024, mikongo miwili ya baharini inayoihudumia Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, ilikatika katika pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani, na Jumatatu yake ofisi nyingi zilifunguliwa huku barua-pepe zikisuasua. Siku nane kabla ya hapo, Kimbunga Hidaya kilikuwa kimetua Mafia, na mvua zikaikata barabara ya kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga. Mfanyabiashara mwenye mzigo kusini alikosa barabara, na kabla hajakaa sawa, mawasiliano nayo yakayumba.

Hasara ya mkongo ilizungumzwa sana siku zile. Jambo moja halikuzungumzwa vya kutosha. Ankara inayopigwa picha kwenye ghorofa ya pili Mtaa wa Msimbazi na kutumwa kwa mteja aliye jengo la tatu kutoka hapo, mwendo ambao mchukuzi wa mkokoteni anaumaliza kwa dakika tano, mara nyingi husafiri kwanza hadi kwenye seva iliyo nje ya nchi ndipo irudi Kariakoo. Mkongo ukikatika kusini mwa Afrika, majirani wawili wanashindwa kupeana karatasi ambayo mmoja wao ameishika mkononi.

Safari hiyo ya karatasi kwenda ng'ambo na kurudi ndiyo inayoweza kuepukwa kwa mtandao wa wavu, ambao mafundi huuita meshi. Kila jengo linaweka kisanduku cha redio juu ya paa. Kisanduku kinasikiliza majirani zake, kinawaeleza nani mwingine anamsikia, na kwa njia hiyo kila kimoja kinajua njia ya kumfikia mwenzake hata asiyemwona. Hakuna mnara mkuu wala ofisi kuu. Kisanduku kimoja kikizimika, vilivyobaki vinatafuta njia ya pembeni vyenyewe, kama wavu wa mvuvi ambao fundo moja likiachia, mengine yanaendelea kushika samaki.

Kinachosafiri humo si sauti tu. Mtu akiweka kompyuta ndogo kwenye moja ya visanduku hivyo, ikawa ndiyo kabati la mafaili, wote walio ndani ya wavu wanaweza kuweka na kuchukua nyaraka, orodha za bei, ramani na picha, bila hata tone la intaneti. Kwa kazi hiyo wengi hutumia Raspberry Pi, kompyuta ya Kiingereza yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35. Kampuni inayoitengeneza iliingia soko la hisa la London Juni 2024 kwa bei ya peni 280 kwa hisa.

Kilichotokea Red Hook

Mfano unaotajwa zaidi katika biashara hii ni wa Red Hook, mtaa wa bandarini wa watu wa kipato cha chini huko Brooklyn, New York. Mwishoni mwa mwaka 2011, asasi ya vijana ya mtaani hapo, Red Hook Initiative, ikishirikiana na Open Technology Institute ya Washington, ilianza kufunga visanduku vichache vya waifai juu ya mapaa. Lengo lilikuwa la kawaida kabisa: watu wapate intaneti kwenye jengo la asasi na kwenye bustani ya jirani, na habari za mtaa ziwafikie. Siku wavu ulipojaribiwa kwa kweli, visanduku hivyo vilikuwa bado vya kuhesabu kwa vidole.

Oktoba 29, mwaka 2012, Kimbunga Sandy kiliisukuma bahari mpaka ndani ya Red Hook. Umeme ulikatika, vyumba vya chini vilijaa maji, simu zikawa za kubahatisha. Jengo la asasi lilisalimika, na watu wakalikimbilia kuchaji simu, kuchukua chakula na kutafuta habari za ndugu zao. Wavu mdogo wa mapaani ulikuwa bado hai. Siku chache baadaye, FEMA, shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia maafa, lilileta kiungo cha setilaiti na kukiunganisha na wavu huo. Hadi watu 300 kwa siku walikuwa wakipitia hapo.

Wauzaji wa vifaa hupenda kuisimulia habari hii na kuishia hapo. Kwa mwekezaji mdogo, sehemu yenye thamani ni ile inayorukwa. FEMA haikuja na mtandao. Ilikuja na bomba moja la setilaiti, ikakuta mabomba ya kugawa tayari yamefungwa mtaani. Bila visanduku vile, setilaiti ile ingewahudumia waliosimama karibu na jengo moja tu. Na bila setilaiti, wavu ungebaki wa mtaa wenyewe: unapeana mafaili ndani, haumfikii shangazi aliye Florida. Kila upande ulimhitaji mwenzake, na uliochukua muda mrefu kujengwa ni ule wa bei rahisi. Baada ya kimbunga asasi ilifundisha vijana wa mtaa kufunga na kutengeneza vituo, ikawalipa, na wavu ukapanuka.

Sanduku lililofunguliwa kwa nguvu ya leseni

Urahisi wa bei una historia yake. Desemba 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta ya nyumbani ya WRT54G, kisanduku cha buluu na nyeusi chenye antena mbili. Mwaka 2003 Cisco iliinunua Linksys kwa takriban dola milioni 500. Muda mfupi baadaye wataalamu wakagundua kwamba programu iliyo ndani ya ruta hiyo ilijengwa juu ya Linux, ambayo leseni yake inamlazimu anayeisambaza kutoa na michoro ya ndani. Kampuni ikaitoa. Mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, programu huria ambayo mtu yeyote angeweza kuipakia kwenye ruta na kuifanyisha kazi ambazo mtengenezaji hakuzifikiria.

Miongoni mwa walioichangamkia ni wapenzi wa redio za ridhaa wa Austin, Texas, ambao walizigeuza ruta hizo za dukani kuwa vituo vya meshi kwa ajili ya dharura. Kazi yao, iliyoitwa Broadband-Hamnet, ndiyo iliyozaa mradi wa AREDN unaoendelea hadi leo. Wanachama wake huchukua ruta na antena za kawaida za Ubiquiti, MikroTik au TP-Link, huzipakia programu ya bure, na kupata mtandao wenye simu za ofisini, kamera, soga na sehemu ya kuwekea mafaili. Maafa yakitokea, fomu za hospitali, orodha za waliohifadhiwa kwenye kambi na ramani za barabara zilizofungwa hupita humo.

Kisanduku cha nje cha aina hiyo huuzwa kati ya dola 50 na 100 huko kinakotoka, kabla ya usafiri na ushuru. Anayefikiria kuingiza kontena zima asikimbie kwanza. Bei ya sanduku ndiyo sehemu ndogo ya hesabu.

Sekunde nne au saa kumi na moja

Tangu mwaka 2020 kumekuwa na bidhaa ya pili sokoni inayoitwa pia meshi, nayo imewachanganya wengi. Hiyo ni Meshtastic, programu huria iliyoanzishwa na Mmarekani Kevin Hester, inayotumia redio ndogo za LoRa. Kifaa chake kinaenea kwenye kiganja, hutumia umeme kidogo mno, hufika kilomita nyingi panapokuwa na mwinuko, na hupatikana China kwa dola 20 hadi 40. Kwa maelezo hayo, mfanyabiashara anaweza kudhani amepata mtandao wa ofisi kwa bei ya viatu.

Hesabu inasema vingine. Chukua hati za mzigo wa bandarini zilizopigwa skani, jumla megabaiti 5, yaani biti milioni 40. Kwenye wavu wa waifai unaopitisha biti milioni 10 kwa sekunde, mzigo huo unafika kwa sekunde 4. Kwenye Meshtastic kwa mpangilio wake wa kawaida, ambao hupitisha takriban biti 1,000 kwa sekunde, hati zile zile zingehitaji sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11, tena hewa yote ikiwa yako peke yako. Ujumbe mmoja wa LoRa hubeba herufi mia mbili na kitu, kwa hiyo faili hilo lingekatwa vipande kama 25,000. Ulaya, kwenye masafa yanayotumika zaidi, sheria humruhusu mtu kutangaza kwa asilimia 10 tu ya muda. Hapo saa 11 zinakuwa siku nne na ushee.

Wala jirani hanyamazi kukusubiri. Vituo vinavyosikia ujumbe hurudia kuutangaza ili ufike mbele, na kila marudio hula hewa ile ile. LoRa basi ni chombo cha maneno machache: "maji yameingia ghalani", "gari limekwama Somanga", "leta dizeli". Siku ya dhiki maneno kama hayo yana thamani kubwa kuliko hati yoyote, na asiyetarajia zaidi ya hapo hajapunjwa. Anayemuuzia mwenye ghala kifaa hicho kwa ahadi ya kutuma mafaili, huyo anapunja.

Wavu wa waifai nao una ushuru wake. Kisanduku chenye redio moja hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, hivyo kila mruko wa paa hadi paa hupunguza kasi karibu nusu. Kinachoanza kikiwa milioni 40 kwa sekunde kinakuwa 20 kwa jirani wa pili na 10 kwa wa tatu. Ndiyo maana wajenzi makini huweka redio mbili kwenye mapaa makuu, moja ya kupokea na moja ya kupeleka, na hapo bei ya kituo inaongezeka.

Faili linalopanda basi

Kuna njia ya tatu, na wasafirishaji wa mikoani wataitambua mara moja. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 12, mwaka 2010, Paul Gardner-Stephen wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, alianzisha Serval Project ili simu za kawaida ziweze kuongea zenyewe kwa zenyewe minara ikianguka. Ndani yake kuna sehemu inayoitwa Rhizome, iliyotengenezwa kwa ajili ya mafaili. Simu mbili zikikaribiana zinaulizana zina nini, na kila moja inachukua nakala ya kile ambacho haina. Mwenye simu akienda kijiji cha pili, mafaili yanakwenda naye, yakikutana na simu nyingine yanahamia huko.

Ni kazi ile ile ya kumpa kondakta wa basi bahasha ya kupeleka Iringa. Huko Cambodia, kwenye jimbo la Ratanakiri, mwaka 2003 pikipiki zilifungwa visanduku vya waifai zikawa zinapita mbele ya shule na zahanati, zikizoa barua-pepe na kuziacha nyingine bila hata kusimama kwa muda. Haina haraka, na hakuna anayeweza kuahidi saa ya kufika. Lakini kwa mauzo ya jana, orodha ya bei ya wiki au hesabu ya stoo, nani anahitaji sekunde nne? Kwa mwenye matawi matatu Tandahimba, Newala na Masasi, na pikipiki inayokwenda huko kila siku, kifaa cha aina hii kinaweza kuwa na maana kuliko mlingoti wa mita 20.

Walionunua, waliouza

Historia ya soko la vifaa hivi haiwapi raha sana wanaotaka kuuza rejareja. Kampuni ya goTenna ilianzishwa New York na ndugu wawili, Daniela na Jorge Perdomo, kutokana na yale waliyoyaona wakati wa Sandy. Kifaa chao cha goTenna Mesh kiliuzwa dola 179 kwa jozi. Septemba 20, mwaka 2017, Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico na kuangusha huduma ya zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu, vifaa hivyo vilipelekwa kisiwani na watu wakapeana ujumbe mfupi. Sifa zilikuwa nyingi. Hata hivyo kampuni baadaye iliacha bidhaa hiyo ya watu wa kawaida na kuelekeza nguvu kwa majeshi na polisi, wanaonunua kwa mamia na kulipa kwa mkataba.

Sababu si ngumu kuiona. Anayenunua jenereta anafaidi jenereta hata kama mtaa mzima hauna. Anayenunua kifaa cha meshi peke yake amenunua pambo la dirishani. Thamani ya chake iko kwenye mfuko wa jirani. Bidhaa ya namna hiyo huuzika kwa kundi lililokubaliana, kama upatu, na ni vigumu kuisukuma duka kwa duka.

Waliofaidi zaidi walikuwa nyuma kabisa ya pazia. Mwaka 2012 kampuni ya Kimarekani ya Semtech ilinunua Cycleo, kampuni changa ya Grenoble, Ufaransa, iliyobuni LoRa, kwa takriban dola milioni 5. Teknolojia hiyo sasa imo kwenye mita za maji na vipimo vya mashambani katika nchi nyingi, na meshi za dharura ni makombo tu ya biashara yake. Kwenye soko la hisa la Dar es Salaam hakuna cha kufanana na hayo. Vodacom Tanzania, iliyoingia sokoni mwaka 2017 kwa Sh. 850 kwa hisa, haina la kuogopa kutoka mapaani: wavu wa mtaa bado unahitaji bomba la kutokea nje, na bomba hilo hulipiwa.

Sheria na betri

Mfanyabiashara anayevutiwa na AREDN ajue mapema kwamba mlango huo si wake. Kanuni za kimataifa za redio za ridhaa zinakataza matumizi ya kujipatia fedha, na nchini Marekani hairuhusiwi kuficha ujumbe kwa lugha ya siri kwenye masafa hayo. Orodha ya bei ikipita huko, mshindani anaisoma. Wavu wa biashara hujengwa kwenye masafa ya waifai, kwa vifaa vilivyokubaliwa na TCRA, na anayetaka kuwatoza wengine huduma aanze na suala la leseni. Kenya imepiga hatua hapo: mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo iliweka leseni maalumu kwa mitandao inayomilikiwa na wananchi wa eneo, wakati huko Kibera TunapandaNET ilikuwa imekwishaanza kuunganisha shule na vituo vya vijana.

Gharama inayosahauliwa ni umeme. Kisanduku cha paani hula kama wati 8, na kompyuta ya mafaili wati 5, jumla 13. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100, ikitumiwa nusu ili isife mapema, inatoa saa-wati 600. Hiyo ni saa 46, pungufu kidogo ya siku mbili. Bila sola ya kuirudishia nguvu, wavu wa dharura unakufa siku ya pili, wakati dharura nyingi ndiyo kwanza zinaanza. Betri hiyo huizidi bei ruta, na baada ya miaka michache inadai nyingine.

Huko Mankosi, kijiji cha Eastern Cape nchini Afrika Kusini, ushirika wa Zenzeleni uliosajiliwa mwaka 2014 uligeuza mzigo huo kuwa mapato. Paneli za sola zilizowekwa kwenye nyumba kwa ajili ya vituo vya meshi zilitumika pia kuchaji simu za wanakijiji kwa malipo, na fedha za mwanzo za ushirika zilitoka huko kabla mtandao haujaingiza chochote.

Catalonia, nchini Hispania, guifi.net iliyoanza mwaka 2004 katika wilaya ya mashambani ya Osona ilikua hadi kuvuka vituo 35,000. Mkataba wake unastahili kusomwa na kila anayefikiria kuwaunganisha wenye maduka. Miundombinu ni ya wote. Kampuni zinazouza huduma juu yake hupigiwa hesabu kila kipindi: nani ametumia kiasi gani, nani amewekeza kiasi gani. Aliyetumia zaidi ya alichochangia analipa tofauti, aliyechangia zaidi anarudishiwa. Malumbano hayaishi, kama ilivyo kwa chama chochote chenye fedha, ila daftari liko wazi.

Kwa majengo ya Kariakoo ugomvi wa kwanza huenda usiwe wa fedha. Paa ni la mwenye nyumba, mlango wake una kufuli, na ufunguo anao mlinzi ambaye hubadilishwa mara kwa mara. Mkongo wa mwaka 2024 ulikatika Jumapili, siku ambayo maduka mengi hufungwa. Wapangaji wanaokaa kujadili masanduku na betri wangeanza na karatasi moja ya mwenye nyumba, yenye saini, inayosema ni nani anaruhusiwa kupanda juu siku hiyo na nakala ya ufunguo inawekwa wapi.